Adolf Lorenz, Daktari wa Watoto Viwete

Katika Matendo ya Mitume mna habari ya mtu mmoja aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa. Kila siku jamaa zake walimchukua hata mlangoni pa hekalu, akakaa hapo akiomba sadaka. Mtume Petro hakuwa na fedha ya kumpa. Alimshika mkono, akamwinua kwa jina la Yezu, na mtu yule akatembea. Wakatekumeni wote wanaijua habari hiyo. Lakini si wote wanaokumbuka kwamba Mungu, ambaye huponya kwa mwujiza apendapo, huponya pia kwa akili na mikono ya watu waliojifunza kazi yao kwa bidii na saburi.

Mmoja wa watu hao ni Adolf Lorenz, daktari wa Austria, aliyefariki mwaka 1946. Habari hii si ya mtakatifu, wala Kanisa halikumweka katika hesabu ya watakatifu wake. Ni habari ya mtu aliyenyang'anywa chombo cha kazi yake, akaiona njia imezibwa mbele yake. Na kwa ajili ya kizuizi kile kile akapata kuwafaa watoto wengi sana.

1. Mtoto wa fundi wa ngozi

Adolf Lorenz alizaliwa tarehe 21 Aprili 1854 katika mji mdogo wa Weidenau, nchi ya Silesia, iliyokuwa siku zile chini ya Kaisari wa Austria. Leo mji huo unaitwa Vidnava, nao umo katika nchi ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akishona hatamu na mikanda ya farasi. Wazazi hawakuwa watu wa mali.

Siku moja mtoto Adolf aliokota njiani glovu moja, yaani mfuko wa mkono ambao watu wa Ulaya huuvaa wakati wa baridi kali. Alifurahi mno, akampelekea mama yake. Mama akamfahamisha kwamba glovu moja haifai kitu. Sasa kazi yake ni kuitafuta ya pili. Neno hilo lilikaa moyoni mwa mtoto. Hata katika uzee wake, alipoandika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1936, alikiita kitabu cha kutafuta glovu iliyopotea. Kwa maana mtu hupewa nusu ya kitu, naye hana budi kuitafuta nusu iliyobaki kwa jasho lake.

Mjomba wake alikuwa padri wa shirika la Mtakatifu Benedikto, katika monasteri ya St. Paul, mbali sana na Weidenau, katika bonde la mto Lavant. Monasteri hiyo ilianzishwa mwaka 1091. Kwa msaada wa mjomba, Adolf alipelekwa huko angali mtoto. Aliimba pamoja na watoto wenziwe katika kanisa la monasteri, akasoma shuleni kwa mapadri, kisha akaendelea na masomo katika mji wa Klagenfurt. Wafuasi wa Mtakatifu Benedikto huishi kwa sala na kazi, na kanuni yao huwaamuru kumtunza mgonjwa kama vile wangemtunza Kristu mwenyewe. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto wa fundi wa ngozi alilelewa. Pasipo hisani ya Kanisa, huenda asingalipata elimu kubwa.

2. Mikono iliyokataa dawa

Mwaka 1874 Adolf alikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, akaingia chuo kikuu kujifunza udaktari. Mwaka 1880 alipata shahada yake. Nia yake ilikuwa moja tu: kuwa daktari mpasuaji. Alipokewa na mwalimu mwenye sifa kubwa, Profesa Eduard Albert, akawa msaidizi wake. Njia ilionekana nyeupe mbele yake.

Siku zile madaktari walikuwa wamekwisha kufahamu kwamba vidonda huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Joseph Lister, daktari wa Uingereza, alikuwa amefundisha tangu mwaka 1867 kuviua kwa dawa kali iitwayo karboliki. Basi kila daktari mpasuaji aliosha mikono yake katika dawa hiyo mara nyingi kila siku. Dawa iliokoa maisha ya wagonjwa wengi, lakini ngozi ya Lorenz haikuweza kuivumilia. Mikono yake iliwasha, ikavimba, ikapasuka na kutoa maji. Alipopumzika ilipona, aliporudi kazini iliharibika tena. Daktari mwenye vidonda mikononi hawezi kumpasua mgonjwa bila kumhatarisha.

Leo madaktari hujikinga kwa glovu za mpira. Lakini glovu hizo zilianza kutumiwa hospitalini yapata mwaka 1890, katika mji wa Baltimore, Marekani, kwa ajili ya muuguzi mmoja aliyeteswa na ugonjwa wa mikono kama ule wa Lorenz. Kwa Lorenz zilikuwa zimechelewa. Hiyo nayo ilikuwa glovu iliyopotea.

Fikirini huzuni yake. Alikuwa ametoka mbali, amesoma miaka mingi, amefika mlangoni pa kazi aliyoitamani. Na mlango umefungwa, tena kwa ugonjwa mdogo ambao wengine wangeucheka. Alimwendea mwalimu wake na kumweleza kwamba hana budi kuacha upasuaji. Profesa Albert hakumdanganya kwa maneno matamu, wala hakumfukuza. Alimshauri kwamba, ikiwa upasuaji wa maji umemkataa, basi ajaribu ule mkavu: yaani kazi ya kunyosha viungo vilivyopinda, kwa mikono, kwa bandeji na kwa plasta, bila kisu.

Kazi hiyo huitwa ortopedia. Jina hilo lilitungwa na daktari mmoja wa Paris, Nicolas Andry, mwaka 1741, kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kunyoka na mtoto. Wakati wa ujana wa Lorenz madaktari wengi waliidharau. Waliiona kuwa kazi ya mafundi wa viatu na mikanda. Lorenz aliikubali. Yeye, mtoto wa fundi wa mikanda, alianza kushughulika na nyayo bapa, na miguu iliyopinda, na migongo yenye kombo. Mwaka 1886 alitoa kitabu kikubwa juu ya uti wa mgongo uliopinda. Baadaye chuo kikuu cha Vienna kilimfanya profesa. Kazi iliyodharauliwa ikaanza kuheshimiwa.

3. Mfupa usiokaa mahali pake

Kati ya watoto walioletwa kwake walikuwamo wengi, hasa wasichana, wenye ugonjwa mmoja wa nyonga. Ugonjwa huo wafaa kuelezwa vizuri.

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo juu yake. Kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, na humo huzunguka kama vile mchi uzungukavyo katika kinu. Lakini watoto wengine huzaliwa na kikombe kisicho na kina, na kichwa cha mfupa huteleza kikakaa nje. Mtoto mchanga haoni maumivu, wala mama haoni kitu. Siku atakapoanza kutembea, ndipo watu hushtuka: mtoto anachechemea, na kama nyonga zote mbili ni mbovu, huyumba huku na huku kama bata. Asipotibiwa, atakuwa mtu mzima aliye kiwete, na maumivu yataongezeka mwaka kwa mwaka.

Kabla ya hapo madaktari walikuwa wamejaribu mengi. Wengine walimlaza mtoto kitandani miezi mingi, mguu ukivutwa kwa mizigo. Wengine walipasua nyonga kwa kisu na kuchimba kikombe. Lorenz mwenyewe, wakati dawa kali zilipoanza kupungua katika vyumba vya upasuaji na vyombo vikasafishwa kwa joto, aliweza kushika kisu tena, akapasua nyonga za watoto wengi. Hapo ndipo alipoonyesha moyo wake. Kisu alichokitamani tangu ujana kilikuwa kimerudi mkononi. Sifa ya upasuaji ilikuwa yake. Lakini aliona yaliyowapata watoto. Wengine vidonda vyao viliingiwa na vijidudu. Wengine nyonga ilikauka, mguu usipinde tena. Tena wako waliokufa baada ya upasuaji wa namna hiyo mikononi mwa madaktari mbalimbali. Alijiuliza kama mikono mitupu haingeweza kuifanya kazi ile ile. Nchini Italia, Daktari Agostino Paci wa Pisa alikuwa amekwisha kujaribu njia iliyo karibu na hiyo. Yapata mwaka 1895 Lorenz alianza njia yake mwenyewe, akakiweka kisu chini kwa hiari yake.

Njia hiyo ilikuwa hivi. Mtoto alipewa dawa ya usingizi, asione maumivu. Daktari aliuvuta mguu, akaisugua na kuilegeza misuli ya paja iliyokuwa imekaza, polepole, kwa vidole na viganja vyake. Kisha aliuinua mguu na kuupeleka upande, huku mkono wake wa pili ukikisukuma kichwa cha mfupa. Ghafula kichwa kiliruka ukingo na kuingia kikombeni. Na waliosimama karibu waliweza kuusikia mshindo wake. Ndipo mtoto alipofungwa plasta, yaani bandeji zenye unga mweupe ambao ukilowa maji hugeuka mgumu kama jiwe. Mguu ulibaki umepanuliwa upande, kama mguu wa chura, kwa muda wa miezi mingi. Lorenz hakutaka mtoto alale tu. Alimtaka atembee na plasta yake kadiri awezavyo, ili uzito wa mwili ukisukume kichwa ndani, na kikombe kipate kina. Plasta ilibadilishwa, na kila mara mguu ulirudishwa kidogo kuelekea mahali pake pa desturi.

Kazi hiyo ilitaka nguvu nyingi na upole mwingi pamoja. Nguvu bila upole huvunja mfupa wa mtoto. Upole bila nguvu hauurudishi mahali pake. Lorenz alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyingi na mikono ya nguvu kama ya mhunzi. Na mikono hiyo ilikuwa imejifunza kusikia kwa ngozi kile ambacho macho hayawezi kuona ndani ya mwili.

Wala isidhaniwe kwamba aliwaponya wote. Watoto waliokuja wakiwa wadogo walipona vizuri; waliochelewa, mifupa yao ilikuwa imekwisha kukakamaa, naye hakuweza kuwasaidia sana. Mara nyingine mfupa ulivunjika, au kichwa kilitoka tena. Na madaktari waliomfuata waligundua jambo ambalo yeye hakulijua vema mwanzoni: kwamba kuupanua mguu kupita kiasi huweza kuibana mishipa midogo ya damu, kichwa cha mfupa kikakosa chakula na kuharibika. Kwa hiyo wameibadili njia yake. Siku hizi ugonjwa hutafutwa tangu mtoto azaliwapo, na mtoto mchanga huvalishwa mikanda laini iliyobuniwa na Arnold Pavlik, daktari wa nchi ya Cheki. Nyonga hurudi polepole, bila kulazimishwa. Hivyo wa kwanza aliipata glovu moja, na wengine wakaitafuta ya pili.

4. Mtoto wa tajiri na watoto wa maskini

Sifa ya daktari aponyaye bila kumwaga damu ilivuka bahari. Katika mji wa Chicago, Marekani, alikuwako tajiri mmoja mkubwa sana, J. Ogden Armour, mfanya biashara ya nyama. Alikuwa na binti mdogo, Lolita, aliyezaliwa na nyonga zilizotoka mahali pake. Mali yote ya baba yake haikuweza kumtembeza. Mwaka 1902 Armour alimwita Lorenz, naye akasafiri hata Chicago, akamtibu mtoto kwa mikono yake. Lolita akakua, akatembea, akaolewa. Baba yake alimlipa daktari fedha nyingi sana.

Magazeti ya nchi yote yalikuwa yametangaza safari hiyo. Basi kina mama maskini waliposikia, waliwabeba watoto wao viwete, wakaja kuujaza mlango wa nyumba alimofikia. Hawakuwa na fedha. Lorenz angaliweza kusema kwamba kazi aliyoitiwa imekwisha, akapanda meli na kurudi kwao. Hakufanya hivyo. Alizunguka katika miji mbalimbali ya Marekani, akawatibu watoto wa maskini bila malipo katika hospitali. Aliwatibu mbele ya madaktari wa mahali pale, wapate kuiona njia yake na kuifuata baada ya kuondoka kwake. Hakuificha elimu yake kama mtu afichaye dawa ya siri ili watu wamtegemee yeye peke yake. Na mifupa ya mtoto wa tajiri na ya mtoto wa maskini ilikuwa ya namna moja chini ya vidole vyake.

Aliporudi Austria alikuwa mtu mashuhuri na tajiri. Alijenga nyumba kubwa huko Altenberg, karibu na mto Danube, akakaa humo na mkewe Emma, ambaye alimsaidia katika kazi yake. Walipata wana wawili. Albert alifuata kazi ya baba yake. Konrad, aliyezaliwa mwaka 1903, alichunguza maisha ya ndege na wanyama, na mwaka 1973 alipewa tuzo ya Nobel.

5. Vita na shukrani

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza Ulaya, vikadumu hata mwaka 1918. Austria ilishindwa, ufalme wake ukavunjika, fedha yake ikapoteza thamani. Akiba ambayo Lorenz alikuwa ameiweka kwa miaka mingi iliyeyuka kama umande. Watoto wa Vienna walikonda kwa njaa. Na watu wa Marekani, waliokuwa adui katika vita, waliwapelekea chakula.

Lorenz alikuwa mzee wa miaka 67. Wengine katika umri huo huketi na kulalamika. Yeye mwaka 1921 alivuka bahari tena kwenda New York, apate kujitafutia riziki, na pia awalipe Wamarekani wema wao kwa chombo alichobakiwa nacho, yaani mikono yake. Madaktari wengine wa huko hawakufurahi kumwona, wakampinga. Hata hivyo aliwapokea viwete waliomjia kwa makundi, akawatazama na kuwatibu wale alioweza kuwatibu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki Altenberg tarehe 12 Februari 1946, akiwa na umri wa miaka 91.

6. Mafundisho

Wakatekumeni wanaojitayarisha kwa Ubatizo waweza kupata mafundisho manne katika maisha haya.

La kwanza: ulemavu si laana. Anapozaliwa mtoto mwenye mguu mbovu, pengine majirani hunong'ona. Huyu amtuhumu bibi mzee wa jirani kwa uchawi, yule amlaumu mama wa mtoto. Ukoo hugawanyika, na mtoto hufichwa nyumbani. Wanafunzi wa Yezu nao walimwuliza, juu ya kipofu aliyezaliwa hivyo, ni nani aliyetenda dhambi. Na Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Lorenz alizishika nyonga za watoto wengi mno, akaona mle ndani mfupa uliotoka mahali pake tu. Mkristu asimtafute mchawi wa kumshitaki, amtafute daktari.

La pili: asichelewe. Mfupa wa mtoto ni kama udongo wa mfinyanzi, hupindika ungali mbichi. Kwa mapenzi ya Mungu, ugonjwa wa nyonga ni haba kati ya watu ambao mama zao huwabeba watoto mgongoni, miguu ikiwa imepanuka na kukikumbatia kiuno cha mama. Ni mwingi zaidi mahali ambapo watoto hufungwa kwa nguo, miguu imenyoshwa na kubanwa. Basi mama asione haya kumbeba mtoto wake kama bibi zake walivyobeba. Lakini watoto wenye nyayo zilizopinda ndani tangu kuzaliwa wako kila mahali. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini katika majuma yake ya kwanza, kwa maana daktari huweza kuunyosha mguu kidogo kidogo kwa mkono, na kuufunga plasta juma kwa juma. Na mzazi asiikate plasta kwa kuchoka kabla ya siku yake. Saburi ya mzazi ni nusu ya dawa.

La tatu: Mungu akifunga mlango mmoja, mtu asiketi chini na kulia siku zote. Lorenz aliupoteza upasuaji alioutamani, akapewa kazi iliyodharauliwa. Katika kazi hiyo ya chini akawa baba wa watoto wasiotembea. Na kisu kiliporudi, alikiacha kwa hiari yake kwa kuwahurumia watoto. Kukubali kunyimwa ni jambo gumu. Kuacha kwa mapendo ulichokwisha kupewa ni jambo gumu zaidi.

La nne: vipaji ni vya kugawa. Aliyepewa elimu, au nguvu, au sauti, amepewa kwa ajili ya wenzake pia. Mtoto aliyelelewa bure na watawa aliwatibu bure watoto wa maskini. Deni la hisani hulipwa namna hiyo: si lazima kumrudishia yeye aliyekupa, bali kumpa yule anayekuja nyuma yako.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Kwa nini Lorenz hakuweza kuendelea na kazi ya upasuaji katika ujana wake?
2. Kwa nini baadaye alikiacha kisu, hali ameweza kukishika tena?
3. Katika kijiji chenu yuko mtoto mwenye mguu mbovu? Nani amempeleka hospitalini? Kama bado, nani atampeleka juma hili?